Kilo za Mama Mkwe

Mkwe wangu Lucky ni injinia wa mitambo, kijana mpole mpaka anakera. Tangu amwoe binti yangu Evelyn hajawahi kunitazama usoni kwa muda wa kutosha kumaliza sentensi moja. Akiniamkia "Shikamoo mama," macho yake yako sakafuni. Nikimjibu "Marahaba baba, umeshindaje," ananijibu huku ameshaanza kurudi nyuma. Mimi nimezaliwa Kibosho, heshima ya mkwe naijua, na sikutaka aje kunikumbatia kama watu wa kwenye runinga. Lakini kuna heshima nyingine inamfanya mtu aonekane kama amekuvunjia chombo na anangoja ugundue.

Shida ilizidi nilipohamia kwake. Naitwa Clotilda, ila Kariakoo wananiita Mama Evelyn, nauza vyombo vya nyumbani kwa jumla: sufuria, chupa za chai, mabeseni, hotpoti. Ugonjwa wa uti wa mgongo ulinichukua miguu yote miwili, ukaniachia mikono na mdomo, na ninamshukuru Mungu hasa kwa mdomo. Nilikuwa nakaa ghorofani, na ngazi na kiti cha magurudumu havipatani. Evelyn akanileta Ilala, kwake na mumewe. Kwa jinsi nilivyolelewa, mama mkwe kulala chini ya paa la mkwe wake ni jambo la kuinamisha kichwa. Lucky naye alilelewa hivyohivyo. Tukaishi nyumba moja kama watu wanaopishana kwenye korido nyembamba, kila mmoja anajibana ukutani mwenzake apite.

Ikija kazi ya kuninyanyua, kunitoa kitandani kuniweka kitini, kunitoa kitini kunipeleka bafuni, Lucky anatoka nje. Hakuna aliyemfukuza. Anasimama uani kuangalia tangi la maji mpaka Evelyn na jirani yetu Mama Amira wamalize. Ilikuwa sheria ya nyumba, na hakuna aliyewahi kuitamka.

Mwanzoni baada ya kuugua nilikuwa bado naenda dukani. Teksi inanishusha mwanzo wa mtaa, maana ndani gari halipenyi kwa wamachinga na mikokoteni, halafu Ridhiwani ananibeba mgongoni. Ridhiwani ni mbeba mizigo wetu, amebeba katoni zangu tangu hana ndevu, na alinibeba kwa adabu. Lakini mtaa ulikuwa unanyamaza nikipita. Watu niliozoea kugombana nao kuhusu bei walikuwa wananiambia "pole mama" kwa sauti ya msibani. Siku moja kiatu kilinidondoka nikiwa mgongoni kwake. Miguu yangu haina hisia, kwa hiyo nilipita mbele ya wateja wangu mguu mmoja mtupu, bila kujua, mpaka mtu alipokuja mbio nyuma yetu amekishika. Nilipofika kaunta nilijifanya natafuta kitu chini, nikalia. Sikurudi tena.

Duka likabaki kwa Jacqueline, msaidizi wangu. Ni mwaminifu, ila mteja akimkunjia uso anaomba msamaha, na biashara ya jumla haiendi hivyo. Mwenye jengo ni Mzee Narendra, Mhindi aliyezaliwa mtaa uleule. Tumezeeka pamoja tukigombania maji na umeme. Akanipigia simu kwa upole wake: "Mama Evelyn, mimi sitaki kukusukuma, wewe unajua. Lakini watu wanaulizia hiyo nafasi kila siku. Mwisho wa mwezi niambie, unarudi au nimpe mtu."

Nikamwambia narudi. Nilipokata simu nilikaa nayo mkononi muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimesema uongo na nilikuwa nautaka uwe kweli.

Evelyn ndiye aliyempelekea mumewe habari. Mimi na Lucky tulikuwa tunazungumza kwa kupitia Evelyn hata tukiwa meza moja. Siku mbili tatu baadaye, tunakula, Lucky akaiambia sahani yake kwamba anaweza kutengeneza bajaji. Si ya kawaida. Ndogo, nyembamba, ya kupenya uchochoroni, inayotumia injini ya pikipiki. Nyuma inafunguka na kushusha ubao, mimi napanda nao na kiti changu cha magurudumu, nafunga, naendesha kwa mikono.

"Mpaka mlangoni mwa duka, mama," akasema. "Hakuna mtu wa kukubeba."

Nilishindwa kuendelea kula. Nikamwambia Evelyn amwambie mumewe ahsante.

Lucky anafanya kazi kwenye karakana moja mtaa wa Gerezani, wanaunda bodi za bajaji na maguta ya kubebea mizigo. Bosi wake alimruhusu kutumia mashine, lakini chuma akikiharibu hakuna kingine. Kwa hiyo hakutaka kukata hata bomba moja kabla hajaijaribu chasisi kwenye kompyuta. Kila akitoka kazini anakaa meza ya kulia chakula na laptopu yake, na mimi, kwa kuwa sina pa kwenda, najisukuma mpaka pembeni yake na kuangalia. Alikuwa anatokwa jasho, maskini. Nadhani hakuna mtihani wa chuo uliowahi kumpa shida kama kukaa karibu na mama mkwe.

"Hiki nini?" nikamuuliza siku ya kwanza.

"Chasisi, mama. Mifupa ya bajaji."

"Mbona ina rangi kama kitenge?"

Hapo akasahau kuona haya, maana nilikuwa nimemgusa kwenye kitu anachokipenda. Akanieleza kwamba programu inaigawa chasisi vipande vidogo vidogo, maelfu, halafu inaipakia mzigo na kuangalia kila kipande kinaumia kiasi gani. Bluu, chuma kimetulia. Kijani, bado kiko sawa. Njano, kimeanza kuchoka. Nyekundu, hapo ndipo kitakapokatika.

Nyekundu ilikuwepo, kulia na kushoto, pale sakafu inaposhuka ili kiti changu kiingie. Bajaji ya kawaida ina bomba linalokingama sehemu ile, na kwenye yangu ilibidi liondolewe kwa sababu ndilo lingenizuia mlangoni. Mabomba mawili ya pembeni yakabaki yanabeba kila kitu peke yao. Nilimwelewa vizuri tu. Rafu za dukani kwangu zilishanifundisha ukiondoa nguzo ya kati kinatokea nini.

"Na huu mshale unaoangalia chini?"

Mkono wake ukasimama kwenye kipanya. "Huyo ni abiria, mama."

"Abiria gani?"

"Abiria tu."

"Hana jina?"

Evelyn alicheka kule jikoni. Pembeni ya mshale kulikuwa na namba, na kabla sijaisoma Lucky alivuta kidirisha kingine akaifunika, haraka, kama mtu anayefunika sufuria asiharibiwe mboga. Nikamwacha. Lakini nilipenda kujua kwamba nimo mle ndani, hata kama ni mshale.

Jioni ile Evelyn, akinipaka mafuta miguuni, akaniuliza, "Hivi mama una kilo ngapi siku hizi?"

"Sijui." Na sikuwa najua. Mizani ya kliniki inamtaka mtu asimame juu yake. Nesi akifika kwenye sehemu ya uzito anachora kistari na kuendelea. "Anataka kujua yeye?"

"Hajauliza. Hawezi kuuliza. Amekadiria mwenyewe."

"Amekadiriaje na hajawahi kunitazama?"

"Labda siku ya harusi alikutazama."

Tukacheka wote wawili. Siku ya harusi yao nilikuwa mwanamke wa kujaza mlango, nimevaa kitenge cha mabega makubwa na kilemba juu yake, na nilicheza mpaka mshereheshaji akaomba nipishe wengine. Ule mwili niliupenda. Nilikuwa nikiingia mahali watu wanasogea.

Wiki mbili nzima Lucky alipambana na zile nyekundu mbili. Akiongeza unene wa bomba zinapungua, lakini bajaji inakuwa nzito. Akiweka kipande cha kuimarisha hapa, nyekundu inahamia pale. Alikuwa anakula huku anaangalia kompyuta, na Evelyn akimsemesha anajibu "eeh" kwa maswali ambayo jibu lake si eeh. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja. Nilikuwa nimeshamwagiza Jacqueline asogeze meza ya kaunta ili kiti changu kipite.

Halafu wakaja wote wawili, wakakaa kwenye kochi moja kama watu walioleta posa, na nikajua.

"Mama, nimejaribu," Lucky akasema. "Ikiwa imara, inakuwa nzito, ile injini haitaivuta ikiwa na... ikiwa na abiria. Nikiipunguza chuma, inakatika. Na mashimo ya kule Kariakoo unayajua, kila kilo nimeizidisha mara tatu kwa ajili ya mashimo. Siwezi kukupandisha kwenye kitu ninachokiona kikikatika."

"Tutachukua bajaji ya kawaida na dereva," Evelyn akasema haraka. "Ridhiwani atakuwa anakushusha."

Sikumkasirikia Lucky. Ningependa kumkasirikia, ingenisaidia. Nilimwona macho mekundu kwa kukosa usingizi, nikaona kijana amefanya alichoweza kwa mama wa mtu mwingine. Lakini habari ya kubebwa mgongoni nilikuwa nimeshaifunga.

"Mwambieni Narendra ampe mtu duka," nikasema. Kisha nikaomba nipelekwe kulala, na Lucky akatoka kwenda kuangalia tangi la maji.

Jumapili iliyofuata Evelyn alienda kanisani asubuhi, anaimba kwaya. Mama Amira alikuwa Temeke kwenye shughuli ya ndugu yake. Lucky alibaki ili nyumba isikae na mgonjwa peke yake, akakaa sebuleni na mimi chumbani, mlango umefungwa kati yetu, wote tumeridhika.

Nilitaka kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Nilishawahi kufanya hivyo mara nyingi. Safari hii nilisahau kufunga breki ya kiti. Kikarudi nyuma, mimi nikaenda chini kwenye saruji, na meza ya dawa ikanifuata.

"Mama?" Lucky alikuwa ameshafika mlangoni. "Hodi, mama. Umeumia?"

"Sijaumia. Usiingie."

Hakuingia. Nikamsikia anampigia Evelyn, simu inaita mpaka inakatika, maana kwenye kwaya simu wanaziacha kwenye mikoba. Akapiga tena. Akapiga kwa Mama Amira, wakasemeshana, Temeke ni mbali. Mimi niko chini, gauni la kulalia limepanda, siwezi kulishusha, mgongo umeegemea mguu wa kitanda na unaniuma. Niliona aibu, na niliona hasira kwamba hata aibu yenyewe sina nguvu ya kuikimbia.

"Mama," akasema nyuma ya mlango, "saruji ni baridi."

"Najua ni baridi, mimi ndiye niliyeilalia."

"Evelyn atachelewa. Misa ya pili bado haijaanza."

Naye hakuondoka. Nilisikia anakaa chini upande wa pili, mgongo wake ukigusa mlango, kwamba kama mimi niko sakafuni basi na yeye atakaa sakafuni. Nikamngoja achoke. Hakuchoka. Nilifikiria mengi pale chini, na mojawapo ni kwamba kama huyu angekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuwa nimeshamwita zamani.

"Ingia, baba," nikasema.

Mlango ukafunguka kidogo, ukaingia mkono na kanga. Alinirushia, ikanifikia mapajani. Akasubiri nijifunike. Nikamwambia tayari, akaingia akiangalia ukuta, akatembea kwa kuufuata ukuta mpaka nilipo. Akachuchumaa.

"Samahani, mama."

"Nyanyua tu."

Akapitisha mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti. Akatanua miguu yake, akavuta pumzi, akajikaza kama mtu anayenyanyua injini. Akainuka kwa nguvu zote. Tukapaa wote wawili. Alipepesuka nyuma hatua mbili, bega likagonga kabati, nikamshika shingo nisianguke. Alikuwa amejiandaa kwa sufuria iliyojaa, akanyanyua tupu.

Hakuniweka chini. Alisimama vilevile katikati ya chumba, mimi mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinitazama usoni. Aliangalia na mabega yangu. Aliangalia mkono wangu uliomshika, bangili imefika karibu na kiwiko. Evelyn ananiogesha kila siku na hajawahi kusema neno. Mimi mwenyewe najipaka poda kwenye kioo kidogo kinachoonyesha uso tu. Nilikuwa sijui. Nakwambia kweli, nilikuwa sijui mpaka nilipoona ameelewa.

"Mama," akasema.

"Nini?"

"Hamna kitu, mama."

Akaniweka kitini taratibu, akafunga breki mwenyewe, akaweka miguu yangu mahali pake, mmoja mmoja. Akatoka bila kurudi kinyumenyume.

Nilikaa kidogo nikipanga pumzi. Kisha nikajisukuma mpaka sebuleni. Alikuwa amekaa mbele ya laptopu, ule mshale upo, na safari hii namba haikufunikwa. Nikaisoma. Mia moja na kumi.

"Lucky," nikasema, "hata siku ya harusi sikufika huko."

"Niliogopa kupunguza, mama." Alisema akiwa ameukazia macho ule mshale. "Niliona nikikuandika pungufu nitakuwa nimekukosea adabu. Na chuma kikikatika, nitakuwa nimekuua."

"Sasa futa."

Akafuta. Vidole vikabaki juu ya vitufe, havishuki.

"Andika ulichobeba," nikamwambia.

"Sijakupima, mama."

"Umenipima. Andika."

Akaviangalia viganja vyake. "Mfuko wa saruji ni hamsini," akasema polepole. "Nimeubeba sana, mikono yangu inaujua. Ule ni mzito kidogo kukuzidi."

Akaandika arobaini na nane. Tukaiangalia wote wawili. Nilijisikia kama nimefika nyumbani na kukuta nusu ya vyombo vimeondolewa. Nilitaka kubishana na ile namba, nimwambie mikono yake inakosea, na nilijua haikosei. Lucky akabonyeza, kompyuta ikaanza kupiga hesabu, mstari unatambaa taratibu kwenye kioo mpaka ukafika mwisho.

Chasisi ilikuwa bluu kutoka mbele mpaka nyuma. Zile nyekundu mbili hazikuwepo. Na mkwe wangu alikuwa analia, kimya kimya, anajifuta kwa kiwiko asionekane. Kitu alichokihangaikia kwa wiki zote zile kilikuwa kimekubali, na kilikubali kwa sababu mimi nimekwisha. Nilimwelewa. Nikaweka mkono wangu begani kwake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na hakushtuka.

"Ongeza," nikamwambia.

"Niongeze chuma?"

"Niongeze mimi."

Alinitazama kama hajasikia. Kisha akaandika hamsini na tano, akabonyeza, tukangoja. Bluu. Akaandika sitini. Bluu, na kijani kidogo pale sakafu inaposhuka. Sitini na tano, kijani kimetulia. Alikuwa ameanza kutabasamu huku machozi hayajakauka, na mimi pia, tumekaa pale asubuhi ya Jumapili tunaninenepesha kilo tano tano. Sabini ikaleta njano. Sabini na tano, doa jekundu likatokea upande wa kulia.

"Hapo usifike, mama."

"Kwanza nifike hata hiyo sitini. Rudisha ile ya kijani."

Akarudisha sitini na tano. "Niiache hii?"

"Iache. Kata chuma kwa hiyo."

"Lakini mama," akasema, na alisema akiwa ananiangalia, "hizi si kilo zako."

"Ni zangu," nikamwambia. "Bado sijazifikia tu."

Aliihifadhi ile kazi, halafu akakaa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Mimi nikachukua simu nikampigia Narendra. Nilimwambia duka silitoi, na kama amemwahidi mtu basi akamwombe radhi. Akaanza kunieleza habari za umeme, nikajua tumeelewana.

Evelyn aliporudi kutoka kanisani alitukuta mezani, vichwa viwili kwenye kioo kimoja, Lucky ananionyesha mahali breki ya mkono itakapokaa. Akasimama mlangoni na kitabu chake cha nyimbo. Aliangalia kiti changu, akaangalia mlango wa chumbani ulioachwa wazi na meza ya dawa iliyopinduka.

"Nani amekuinua, mama?"

"Lucky."

Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akaona nyuso zetu, na akawa na busara ya kutouliza zaidi. Nikamwambia apakue chakula, na sahani yangu asinipunje.